Ukingo wa Mshipa

Mshipa mpana kuliko yote unaoonekana ndani ya jicho la mwanadamu haufiki robo ya milimita. Kapilari, mishipa iliyo midogo kabisa, ina upana wa mikromita saba au nane tu, kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita humo moja moja, tena nyingine kwa kujikunja. Kuna watu ambao kazi yao ni kuipima mishipa hiyo kwa mtu aliye hai, bila kumchana wala kumdunga sindano. Wanamketisha mbele ya mashine, wanapitisha mwanga kwenye mboni, wanapata picha, kisha wanakaa na picha hiyo muda mrefu kuliko walivyokaa na mwenye jicho. Ni kazi isiyo na kelele wala sifa, na ndiyo maana nataka kuisifu.

Retina ni ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Damu huufikia kwa ateri moja inayoingia jichoni ikiwa ndani ya neva ya jicho, kisha ateri hiyo inatawanyika juu na chini, upande wa pua na upande wa sikio, inagawanyika tena na tena mpaka inakuwa kapilari, na vena zinaikusanya damu na kuirudisha ilikotoka. Mbele ya retina kuna konea, lenzi na ute tu, vyote vinapitisha mwanga, kwa hiyo hakuna mahali mwilini ambapo mishipa ya ndani inaonekana wazi kama hapo. Shida ya zamani ilikuwa ndogo na ya kuudhi: anayetaka kuchungulia ndani ya mboni anauziba mwanga kwa kichwa chake mwenyewe. Hermann von Helmholtz, aliyekuwa akifundisha fiziolojia huko Königsberg, aliimaliza mwaka 1851 kwa kifaa cha vioo kilichouweka mwanga na jicho la mtazamaji kwenye mstari mmoja. Kabla karne hiyo haijaisha Robert Marcus Gunn wa London alikwisha kuona kwamba ateri iliyokakamaa huikandamiza vena pale zinapopishana, hata vena ikaonekana kama imekatwa. Presha ni moja ya yanayoikakamaza ateri hivyo, na wakati huo kipimo chake cha kufunga mkononi kilikuwa hakijaenea. Madaktari wa macho wanaitafuta alama hiyo mpaka leo, na wanaiita kwa jina lake.

Gunn alitazama, hakupima. Kwa miaka mingi baada yake daktari aliandika kwenye faili kwamba ateri ni theluthi mbili ya vena, au kwamba zimesinyaa kidogo, na daktari wa pili akimtazama mgonjwa yuleyule aliandika mengine. Mwaka 1939 Keith, Wagener na Barker wa Mayo Clinic waliyagawa mabadiliko ya retina yanayoletwa na presha katika makundi manne. Mpango wao ulidumu, ila nao ulisimama juu ya jicho la mtazamaji.

Ukimwambia mtu apime upana wa mshipa kwenye picha, atadhani kazi ni rula. Rula ndiyo rahisi. Kigumu ni kujua mshipa unaishia wapi. Ikuze picha ya retina mpaka pikseli zake zionekane, na ule mstari mwekundu uliokuwa umenyooka safi utageuka mteremko: wekundu uliokolea katikati, kisha unafifia, unafifia tena, mpaka unapotelea kwenye rangi ya chungwa ya retina yenyewe. Hakuna palipoandikwa kwamba hapa ndipo mwisho. Mpimaji mmoja akiweka alama pikseli moja nje na mwenzake akiweka pikseli moja ndani, tofauti yao inaweza kuizidi ile tofauti ya ugonjwa waliyokuwa wakiitafuta. Kwa sababu hiyo wenye kazi hii walijiwekea kanuni. Programu inachora mwangaza unavyoshuka na kupanda ukiukata mshipa kwa upana, na ukingo unawekwa pale mwangaza unapofika nusu ya kina chake. Kanuni hiyo haidai kuujua ukweli wote. Inachotaka ni kwamba mtu wa Edinburgh na mtu wa Singapore wakose kwa namna moja, kama ni kukosa.

Na hata hapo kinachopimwa si mshipa mzima. Ukuta wa mshipa wenye afya unapitisha mwanga. Tunachokiona ni damu iliyomo. Ukiitazama chai ya rangi ndani ya gilasi kwa mbali unaiona chai, unene wa gilasi huujui. Mtu mwenye kuta nene na mtu mwenye kuta nyembamba wanaweza kutoka na namba ileile.

Ateri ina hila yake nyingine. Mwanga wa kamera ukiugonga mgongo wake wa mviringo huacha mstari mweupe katikati, kwa urefu wote. Programu changa inaona hapo mishipa miwili myembamba ikienda sambamba. Mpimaji mzoefu anaona ateri moja, anaifuta alama ya kompyuta na kuweka yake, kisha anasogea mbele kidogo na kukuta kosa lilelile tena. Picha moja inaweza kumlia sehemu kubwa ya asubuhi.

Sehemu ninayoipenda zaidi katika historia ya ufundi huu ilitoka mbali, Dunedin huko New Zealand. Mwaka 1974 Parr na Spears walikuwa na swali ambalo si jepesi: jicho lenye matawi mengi utalipaje namba moja? Ateri ya huyu inagawanyika mapema, ya yule inachelewa, na ukilinganisha tawi na tawi utamdhulumu mmoja wao. Shina lenyewe, ateri kuu ya retina, limejificha ndani ya neva na halionekani kwenye picha. Basi wakapima matawi, wakatafuta uhusiano kati ya matawi mawili na mshipa ulioyazaa, wakarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka wakapata upana wa shina ambalo hawakuliona.

Mwaka 2003 Knudtson na wenzake wa Wisconsin waliurahisisha utaratibu huo, na toleo lao ndilo lililoenea. Unapima kwenye duara moja tu, kuanzia umbali wa nusu ya kipenyo cha kichwa cha neva hadi umbali wa kipenyo kizima kutoka ukingoni mwake. Unachagua ateri sita zilizo pana zaidi. Iliyo pana kuliko zote inaoanishwa na iliyo nyembamba kuliko zote: zidisha kila upana kwa wenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 0.88. Ateri ya mikromita 110 na nyingine ya mikromita 80 zinakupa shina la karibu mikromita 120. Ya pili kwa upana inaoanishwa na ya pili kwa wembamba, mbili zilizobaki nazo zinaoanishwa, hivyo sita zinakuwa tatu, tatu zinakuwa mbili, mbili zinakuwa moja. Kwa vena kizidisho ni 0.95. Nimezifanya hesabu hizi kwenye karatasi kwa raha tu, na kila ile namba ya mwisho inapotokea huwa napenda kukumbuka kwamba ni upana wa kitu ambacho kamera haikukifikia.

Kisha kikaja chombo kingine kabisa. Mwaka 1991 David Huang, wakati huo mwanafunzi, mwalimu wake James Fujimoto wa MIT, na Eric Swanson, mhandisi aliyetoka kwenye mawasiliano ya setilaiti kwa leza, walichapisha pamoja na wenzao katika jarida la Science njia ambayo leo kliniki zote zinaiita OCT. Msingi wake ni mwangwi: peleka mwanga, upokee unaporudi, ujue umerudi kutoka kina gani. Shida ni kasi. Gawa sekunde moja mara bilioni, kisha kipande kimoja ukigawe tena mara milioni; mwanga unahitaji vipande kama 33 tu kupita mikromita 10 hewani. Hakuna saa ya kuuhesabu muda huo.

Wao hawakuuhesabu. Waliugawa mwanga katika njia mbili, mmoja ukaenda jichoni na mwingine kwenye kioo kilicho umbali unaojulikana, kisha wakazikutanisha njia hizo. Mawimbi yaliyosafiri umbali sawasawa yakikutana, yanaongezana au yanafutana kwa namna inayopimika. Yakitofautiana umbali kwa zaidi ya mikromita chache, yanapita kama yasiyojuana. Kwa hiyo kioo ndicho kilichokuwa rula. Mashine za siku hizi zimeacha hata kukisogeza: zinautandaza mwanga uliorudi, mawimbi marefu huku na mafupi kule, na kusoma kina chote kwa mara moja, makumi ya maelfu ya mistari kwa sekunde. Huang, Fujimoto na Swanson walipewa Tuzo ya Lasker mwaka 2023.

Kwenye mkato wa OCT mshipa hauonekani kama mstari, unaonekana kama duara. Retina imelala kwa matabaka ya kijivu na meupe. Katika matabaka ya juu kuna kiduara chenye ukingo mweupe juu na ukingo mweupe chini, na ndani yake, kama mshipa ni mkubwa, mara nyingi kuna umbo la namba 8 linalotokana na jinsi chembe nyekundu zinavyojipanga zikiwa mbioni. Chini ya duara kivuli kinashuka mpaka mwisho wa picha, kwa kuwa damu imeula mwanga. Mgeni atakiona kivuli hicho kama kasoro. Mpimaji anakipenda, maana kinamwonyesha mshipa ulipo hata pale duara lenyewe limefifia. Na sasa ukuta nao unapimika, kwa sababu zile kingo mbili nyeupe zina unene wake.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hulipita. Katika picha yoyote ya jicho, upana wa kulia kwenda kushoto hutegemea urefu wa jicho lenyewe. Jicho la kawaida la mtu mzima lina milimita 24 hivi toka mbele hadi nyuma. La mtu asiyeona mbali kwa kawaida ni refu zaidi, na mishipa yake huonekana myembamba kuliko ilivyo. Asiyejua atambandika mvaa miwani ugonjwa asio nao. Lakini kipimo cha wima kwenye mkato wa OCT hakijali urefu wa jicho, kwa kuwa kinatokana na safari ya mwanga wenyewe. Kinataka tu ujue mwanga unapunguza mwendo kiasi gani ukiwa ndani ya retina. Ndiyo maana wapo wanaochagua kuupima mshipa toka juu hadi chini, na mimi nawaunga mkono.

Kabla ya namba zote hizi kuna kiti. Anayekuja kupimwa mara nyingi ni mtu mzima mwenye kisukari, ametoka mbali na foleni imemchosha. “Karibu mama, sogea kidogo. Kidevu hapa, paji la uso liguse huo mkanda. Unauona msalaba wa kijani? Utazame huohuo.” Kisha: “Pepesa. Pepesa tena. Haya, sasa tulia.” Ni sekunde chache tu, lakini mpangilio wa maneno hayo una maana. Jicho lililokodolewa hukauka, na konea iliyokauka huleta picha yenye ukungu, kwa hiyo fundi mzuri hamwachi mtu akikodoa macho huku yeye akihangaika na kitufe. Anamwambia apepese mwishoni kabisa, ndipo anapiga. Kope ikishuka anaishikilia kwa kidole bila kuliminya jicho. Ukungu ukibaki anatia tone la machozi ya bandia na kuanza upya. Baadhi ya mashine hutoa alama ya ubora, 10 ikiwa ya juu, na maabara nyingi haziipokei picha iliyo chini ya 6. Fundi mvivu anaridhika na 6.

Kwa kapilari, zamani ilibidi sindano. Mwaka 1961 Harold Novotny na David Alvis, wanafunzi wa udaktari huko Indiana, walionyesha jinsi rangi ya fluoresini ikidungwa mkononi inavyofika jichoni kwa sekunde chache na kuiwasha mishipa mbele ya kamera. Njia hiyo ingali inatumika, na inaonyesha kitu ambacho mashine mpya haionyeshi, yaani mshipa unaovuja. Ila ngozi ya mtu inageuka manjano kwa saa kadhaa, wengine wanachafukwa na moyo, na mara chache mwili unaikataa kwa nguvu. Njia ya sasa, iliyoshika kasi baada ya kazi ya Yali Jia, Huang na wenzao huko Oregon mwaka 2012, haidungi kitu. Inapiga mkato uleule mara mbili au zaidi, milisekunde chache kati ya mmoja na mwingine, kisha inatafuta kilichobadilika. Retina imetulia, damu inakwenda. Kompyuta inafuta kila kilichobaki vilevile, na kwenye skrini unatokea wavu wa kapilari, tabaka kwa tabaka, na katikati yake uwazi mdogo usio na mshipa hata mmoja, pale tunapoonea herufi ndogo.

Picha hizo ni nzuri mno, na uzuri wake ni mtego. Mashine haioni mshipa, inaona mwendo. Damu ikienda polepole kupita kiasi, mshipa uliopo unatoweka kwenye skrini. Jicho nalo halitulii kamwe, na kila likiruka kidogo linaacha mstari mweupe uliokata picha. Mishipa ya juu hurusha mfano wake kwenye matabaka ya chini, ikaonekana mahali isipokuwapo. Mwenye mtoto wa jicho hupitisha mwanga hafifu, na mwanga hafifu huishusha namba ya msongamano wa mishipa hata kama retina yake haina neno. Mtu anayesoma namba bila kuifungua picha atampeleka mgonjwa huyo kwa daktari wa kisukari, kumbe alihitaji upasuaji wa lenzi.

Tena mashine hizi kwa kawaida hazitenganishi vitu vilivyo karibu zaidi ya mikromita 15 au 20 kwa upana, na kapilari ni nusu ya hapo. Kila kapilari inayoonekana kwenye skrini imenenepeshwa. Mpimaji mwaminifu, kwa hiyo, hakupi upana wa kapilari. Anazikondesha zote ziwe na pikseli moja, kisha anahesabu urefu wake ndani ya eneo, ili mshipa mnene usiwameze wenzake. Ule uwazi wa katikati anauzungushia mstari kwa mkono, kipande kwa kipande, na katika jicho la kisukari anakuta ukingo wake umemeguka: kapilari moja imekatika hapa, pale pamebaki kitanzi kinachoning'inia. Ukubwa wa uwazi hutofautiana sana hata kwa watu wazima wa afya. Kumeguka huko ndiko kunakomfanya asogeze kiti karibu na skrini.

Namba hizi zina faida gani? Tafiti kubwa za Wisconsin, za Blue Mountains huko Australia na ule wa ARIC wa Marekani zilionyesha kwamba watu wenye ateri nyembamba kwenye retina wana hatari zaidi ya kupata presha miaka ya mbele, hata kama siku ya picha presha yao ilikuwa sawa. Hizo ni habari za maelfu ya watu. Mtu mmoja akija na namba moja, hakuna daktari anayeijua kazi yake atakayemweleza hali ya moyo wake kwa namba hiyo pekee. Mwaka 2018 watafiti wa Google walionyesha programu inayokisia umri, presha, na hata kama mwenye jicho ni mwanamume au mwanamke, kwa kuitazama picha ya retina tu. Ni ajabu kweli. Mimi bado namwamini zaidi mpimaji anayeweza kunionyesha kwa kidole ukingo alioutumia.

Pia si kila mahali panahitaji rula. Huko Blantyre, kwa jirani zetu wa Malawi, Terrie Taylor na wenzake waliripoti mwaka 2004 habari za watoto 31 waliofariki wakidhaniwa kuwa na malaria ya ubongo. Uchunguzi wa miili ulionyesha kwamba 7 kati yao waliuawa na kitu kingine. Dalili iliyowatenganisha vizuri zaidi wangali hai ilikuwa retina: mabaka meupe, damu iliyovuja, na mishipa iliyopoteza wekundu wake ikawa ya rangi ya chungwa au nyeupe. Hapo kutazama kulitosha, mradi mtazamaji ajue anachokitafuta.

Kwa mgonjwa wa kawaida, kipimo kinapata maana kikiwekwa karibu na kile cha mwaka jana cha jicho lilelile, kwa mashine ileile, na ukingo uliochaguliwa kwa kanuni ileile. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una kisukari nenda ukapigwe picha ya retina kila mwaka hata kama unaona vizuri, maana uharibifu wa mwanzo hauumi wala haufifishi macho. Ukiweza, rudi palepale ulipopimwa awali. Omba nakala, hakikisha ina tarehe na imeandikwa kama ni jicho la kulia au la kushoto, uitunze pamoja na kadi yako ya kliniki. Na fundi akikwambia picha haijatoka vizuri, mrudie tena, usinune. Huyo ndiye anayestahili foleni yako.